Kabati la Nyoka Lenye Kioo cha Kujitazama

...na ndiyo maana nilikuwa nasema, kabla kipaza sauti hiki hakijakata, kwamba kabati la nyoka si tenga, si mtungi, si debe la mafuta ya taa lililotobolewa matundu kwa msumari, wala si kile chombo ambacho Bi Mwanahija amekiweka chini ya benchi na kukifunika kawa, akidhani mimi huku mezani sioni. (Kicheko. Bi Mwanahija, mama wa makamo ambaye Mapinga nzima inamjua kwa kufuga nyoka, anauvuta mtungi wake karibu na miguu. "Mwache apumzike," anasema. "Hajakuita.")

Lakini kwa kuwa kipaza sauti sasa kimepata betri mpya, na kwa kuwa heshima isiyosikika hadi kwa wale walioketi kule kwenye magogo ni nusu heshima, naomba ruhusa nianze itifaki upya. Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji cha Mapinga, Mzee Pazi. Ndugu Katibu wa Kijiji, na Ndugu Msaidizi wa Katibu, ambaye naambiwa yuko msibani lakini heshima yake naitaja hivyo hivyo. Waheshimiwa mabalozi wa nyumba kumi kumi, mliofika kwa hiari na mliofuatwa na mgambo. Masheikh na maimamu. Mwalimu mkuu na wanafunzi wake mliokosa masomo ili mnishangilie. Kina mama wa vikundi vya ngoma. Wakulima wa mihogo, wavuvi, wachoma mkaa. Wasafiri wa Msata mlioachwa na basi mkaona bora mkae kwenye kivuli cha mkutano huu. Mabibi na mabwana, ndugu wananchi. Shikamooni wazee wangu. (Wazee: "Marahaba.") Asalaam aleikum. (Wote: "Waaleikum salaam.")

Mbele yenu anasimama Mikidadi bin Dadi, Afisa Mratibu Msaidizi wa Idara Ndogo ya Wanyama Watambaao, Kanda ya Pwani ya Kaskazini, mtu aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu, aliyehudhuria semina mbili na kuongoza ya tatu, na ambaye, kama baadhi yenu mlivyokwisha kunong'onezana tangu niliposhuka kwenye Landrover, ametoka fungateni juzi tu. (Kigelegele kimoja kutoka nyuma. Sauti ya mwanamume: "Ndiyo maana kanenepa.") Nimenenepa, ndugu yangu, sikatai, kwa sababu mke wangu Biubwa, binti wa mji mkongwe wa Bagamoyo, anapika wali wa nazi ambao punje haishikani na punje, na anaponiwekea sahani huniambia "Karibu, Afisa wangu," nami husahau hata jina la idara yangu, jambo ambalo, kama mlivyosikia urefu wa jina lenyewe, si dogo.

Lakini sikuja hapa kuzungumzia mapenzi. Nimekuja kuzungumzia maendeleo.

Mtakumbuka, na kama hamkumbuki nitawakumbusha, kwamba ni mimi niliyetoa lile Agizo la kukomesha ufugaji holela wa nyoka majumbani. Sikulitoa kwa chuki. Nililitoa baada ya chatu mmoja wa Bi Mwanahija, yule anayeitwa Sultani, kutoka katika tenga lake, kuvuka barabara kuu ya kwenda Bagamoyo bila kujali magari, kuingia katika zahanati yenu na kujikunja ndani ya mizani ya kupimia watoto wachanga, akalala. (Bi Mwanahija: "Na hakumgusa mtu. Alipimwa, akarudi nyumbani.") Alipimwa, mama, nakubali, na ripoti ninayo, lakini serikali haiwezi kuruhusu chatu ahudhurie kliniki. Kwa hiyo nikaagiza, kwa lugha iliyo wazi kabisa, kwamba nyoka yeyote wa kufugwa ambaye mwisho wa mwezi huu atakutwa nje ya kabati rasmi, la droo, lililopitishwa na idara, atapigwa rungu na mgambo mbele ya Mwenyekiti. Mgambo, mpo? (Mgambo wawili: "Tupo.") Marungu je? (Wanayainua.)

(Bi Mwanahija anasimama. "Mwanangu, niulize?")

Uliza, mama, lakini kwa kifupi, maana hotuba yangu ina vipengele.

("Sultani nimemchukua akiwa mwembamba kama kidole changu hiki. Kibibi, mwenzake, nimemtoa kwenye moto wa shamba, ngozi imeungua. Na huyu nyoka wa kijani, ukukwi, aliye mtunguni hapa hana hata meno ya kumwumiza mjusi. Tangu mume wangu afariki, wao ndio nyumba yangu. Nilipoanza kutengeneza kabati la kreti za soda, ulimtuma mtu akalivunja. Ukasema tungoje makabati yako. Tumengoja. Sasa mwezi unaisha, na marungu nayaona. Makabati yako wapi?")

Swali zuri sana. Limetokana na hisia, lakini ni zuri. Keti, mama, nitalijibu hatua kwa hatua, kwa kuwa tatizo la wananchi wetu, na hili nalisema kwa uchungu, ni kutaka kufika bila kutaka kusafiri. Mtu anaulizia kabati kabla hajaelimishwa kabati ni nini.

Tuanze basi na ile kazi ngumu ya kuchagua. Kamati yangu ya Wataalamu, yaani mimi, dereva wangu, na karani aliyeazimwa kutoka idara ya mifugo, ilizipitia modeli zote zilizopo katika ukanda huu. Modeli ya kwanza ilikuwa hiyo ya kreti za soda, moja juu ya nyingine, wavu mbele, kama ya Bi Mwanahija. Tuliikataa. Kwanza inatikisika. Pili, nyufa zake ni za kupitisha mkono, na nyoka hahitaji mlango, anahitaji ufa tu. Pale kinapopita kichwa chake, mwili wote unafuata bila kuomba kibali. Tatu, na hili ndilo kubwa, ilikuwa imekwisha kutengenezwa, na mradi uliokwisha kutengenezwa hauwezi kuzinduliwa. (Mzee Pazi: "Hapo sawa.") Asante, Ndugu Mwenyekiti.

Modeli ya pili ilikuwa banda la kuku la kupanga ghorofa ghorofa. Tuliikataa baada ya kuona kwamba wenye kuku hawakuwa tayari kuhama. Modeli ya tatu ilikuwa mitungi iliyopangwa kwenye rafu, mtindo wa wazee wetu, ambao una ubaridi mzuri wakati wa jua kali lakini wakati wa kipupwe nyoka hugeuka kamba, hali chakula, hajikunjui, anakaa tu kama mgeni asiyekaribishwa. Ndipo tukafika kwenye modeli ya kisayansi, modeli ya nchi zilizoendelea, nayo ni kabati la droo. Fremu moja, droo nyingi, kila nyoka na droo yake, na hapa naomba utulivu, maana hapa ndipo pana teknolojia: droo zenyewe hazina vifuniko. (Mnong'ono.) Hazina. Rafu ya juu ndiyo kifuniko cha droo ya chini. Ukiisukuma droo ndani, nyoka amefungiwa. Ukiivuta, unamwona mzima kwa mpigo mmoja, hakuna kupapasa gizani, hakuna kuinua kawa na kukutana na uso wake. Nafasi baina ya ukingo wa droo na rafu isipitishe hata kidole cha mwisho. Matundu ya hewa ubavuni. Joto nyuma. Bakuli la maji mbele. Nyoka ni kiumbe anayependa kubanwa kidogo. Nyumba kubwa inamtia hofu. Mimi mwenyewe sikuelewa jambo hilo mpaka nilipooa. Nilikuwa na nyumba ya vyumba vitatu na nilikuwa natangatanga ndani yake kama mpangaji. Sasa nina kona moja ya kitanda, Biubwa ananiachia upana wa mkeka wa kusalia, na sijapata kulala vizuri vile maishani mwangu. (Kicheko kirefu. Sauti ya mwanamke: "Jamani, Afisa amependa.") Nimependa, dada yangu, na naona ingefaa idara ya takwimu ilishughulikie.

Baada ya kuchagua, utekelezaji. Mbao za mninga zililetwa na lori kupitia barabara kuu, na nyinyi wenyewe mliliona likipita hapa, mkapunga mikono. (Sauti: "Tulidhani litasimama.") Lisingeweza kusimama. Lilikuwa na ratiba. Mbao zilipelekwa moja kwa moja Bagamoyo mjini kwa fundi Bwanausi, ambaye babu yake alichonga milango, baba yake alichonga milango, na yeye anachonga milango, makasha na vitanda vya samadari vya maharusi. Nilimchagua bila zabuni, kwa kuwa ukimwona anavyopitisha randa juu ya ubao huhitaji zabuni.

Nikamweleza maagizo ya idara. Nikamwambia, Fundi Bwanausi, nataka kabati refu kuliko mimi, la mninga mtupu, la droo pana, zenye kuteleza bila kelele. Nataka ndani pawe laini pasikwaruze ngozi. Nataka lisiingie mende. Nataka sehemu ya kuweka joto. Yeye akaipima fremu hewani kwa mikono yake, akatabasamu, akaniuliza swali moja tu. "Harusi lini?" Na mimi, ndugu wananchi, kwa kuwa kiongozi haulizwi tarehe akaficha, nikamjibu, ni Ijumaa ya kwanza baada ya Mfungo Mosi. Akasema, "Litakuwa tayari."

(Kicheko kinaanza upande wa kina mama na kuenea taratibu.)

Nasikia mnacheka. Sijui mnacheka nini, lakini kucheka katika mkutano wa maendeleo ni dalili ya kuelewa, kwa hiyo naendelea.

Kabati lilipomalizika nilikwenda kulikagua rasmi, nikiwa na tepu ya kupimia na Biubwa, ambaye wakati huo alikuwa bado mchumba wangu na alitaka kuona jinsi ninavyofanya kazi. Ndugu zangu, sijui niwaelezeje. Nimesoma jiografia, nimesoma fizikia, lakini maneno ya kulieleza kabati lile hayakufundishwa. Droo zake kumi na mbili, kila moja ina kishikio cha shaba kinachong'aa mpaka unajiona pua. Pembeni fundi amechonga maua ya waridi, yakipanda yakishuka, yakipishana na majani. Juu kabisa amechonga mwezi na nyota. Na katikati, baina ya droo za kulia na droo za kushoto, ameweka kioo kirefu cha kujitazama, kutoka kichwani mpaka miguuni.

(Mzee Pazi anainua mkono. "Ndugu Afisa. Nyoka anajitazama?")

Ndugu Mwenyekiti, hilo ni eneo la kitaalamu, lakini nitajitahidi kulishusha hadi kwako. Nyoka wa kufugwa hana wenzake. Upweke humfanya akatae chakula. Akiona mfano wake kiooni, anajihisi yuko katika jumuiya. Hiyo ndiyo saikolojia ya mtambaazi.

("Lakini kioo kiko nje ya droo. Yeye yuko ndani.")

Hiyo ni changamoto ambayo imekwisha kutambuliwa. (Makofi.) Siyo lazima mpige makofi kwa kila kitu.

Naendelea na joto. Sehemu ya chini kabisa ya kabati, mahali ambapo modeli za kigeni zingeweka taa ya umeme, fundi ametuwekea kijumba kidogo chenye mlango wa matundu, saizi ya chetezo hasa. Unatia makaa, unatia udi, unafunga. Joto linapanda, pamoja na harufu, kutoka droo hadi droo. (Mwanamke mmoja kwa mwenzake, kwa sauti ya kusikika: "Nyoka wa kufukizwa udi, huyo si nyoka, ni bi harusi.") Nimekusikia, mama wa kanga ya kijani, na sitakujibu.

Kilichobaki kilikuwa majaribio. Hakuna serikali yoyote yenye akili inayogawa chombo kwa wananchi kabla ya kukijaribu, na hapa ndipo nilipotoa muhanga ambao ofisi nyingine zisingeutoa. Nilijitolea chumba changu mwenyewe. Kabati lilibebwa na wanaume sita kutoka kwa Bwanausi hadi nyumbani kwangu, likapita katika uchochoro ambamo hata kitanda chetu kilikwama, likasimamishwa ukutani mkabala na dirisha, jioni ya siku ya nikahi yangu. Biubwa alipofunuliwa uso na kuliona sasa liko chumbani kwake, machozi yalimlengalenga. Akaniambia, kwa sauti yake ile ya chini, "Hili lote ni langu?" Ningemjibu nini? Ningemwambia siku kama ile kwamba ni la Sultani? (Kicheko. Bi Mwanahija hacheki.) Mwanamume gani hapa mwenye moyo angesema hivyo? Nikamjibu, "Lako, mpenzi, kwa muda wa majaribio."

Na majaribio, ndugu wananchi, yamefana kupita matarajio. Kwa kuwa kwa sababu za kiusalama hatukutaka kuanza na nyoka wenyewe, tulianza na kanga. Droo ya kwanza tulitia kanga za harusi. Ya pili, leso na mitandio. Ya tatu, marashi, wanja na hina. Zilizobaki tukazijaza kadiri zawadi zilivyokuwa zikiletwa. Tukafunga, tukasubiri, tukaja kufungua asubuhi, na natangaza leo mbele yenu kwamba asilimia mia moja ya kanga zilizotiwa humo hazikutoroka. (Kicheko kikubwa, mtu anapiga debe.) Mia moja. Mende, sifuri. Mikwaruzo katika kitambaa, sifuri. Kelele za droo usiku, sifuri, na nina hakika kwa kuwa nimelala hatua mbili kutoka hapo. Nileteeni kabati jingine pwani hii lenye matokeo kama hayo. Kreti zenu za soda zingeweza? Matenga yenu yangeweza? Mnakaa hapa mnasuka ukindu mpaka vidole vinachanika, mnafunga na kamba ya mnazi, chatu anapiga miayo tu tenga linafumuka, halafu mnakuja kuninyooshea kidole mimi, mtu aliyewaletea waridi la kuchonga.

(Bi Mwanahija amesimama tena. "Hukutuletea. Umejiletea.")

Mama, naomba nidhamu.

("Ninayo. Ninauliza tu. Kati ya makabati ya Mapinga, ni mangapi yaliyotengenezwa?")

Yaliyotengenezwa ni moja.

("Na liko wapi?")

Nimekwisha kusema. Chumbani.

("Na mengine?")

Mengine yatafuata modeli, na modeli iko kwenye majaribio, na majaribio hayawezi kukatishwa kabla ya muda wake. Siwezi kumwamsha Biubwa nikamwambia toa vitu vyako, kuna ukukwi barazani anangoja. Kuna mambo mwanamke aliyeolewa karibuni hawezi kuyapokea.

("Kwa hiyo nyoka wangu wapigwe rungu kwa kukosa kabati ambalo wewe umelalia.")

Sikulilalia. Liko mkabala. Na hawapigwi kwa kukosa kabati. Wanapigwa kwa kuwa nje ya kabati, jambo ambalo kisheria ni tofauti. Naomba mnielewe, Agizo likishatoka halirudi. Mimi mwenyewe nilijaribu kulisoma upya nikitafuta mwanya wa kuwasaidia, nikashindwa, kwa jinsi nilivyoliandika vizuri.

(Minong'ono. Mzee Pazi anawaangalia mgambo wake. Mmoja ameweka rungu chini, mwingine anaangalia vidole vya miguu. Bi Mwanahija anaketi, mkono juu ya kawa la mtungi. Jirani yake, yule wa kanga ya kijani, anamnong'oneza jambo sikioni. Bi Mwanahija anasikiliza. Kisha anainuka mara ya tatu, safari hii polepole.)

Mama, hili liwe la mwisho.

("La mwisho, mwanangu. Siku ya mwisho wa mwezi, mgambo wakimkuta nyoka ndani ya kabati rasmi, watamfanya nini?")

Hawatamfanya kitu. Watampigia saluti na kupita.

("Hata kama ni nyoka wa tengani, wa mtunguni, wa hivi hivi?")

Sheria haiulizi alikolelewa. Inauliza alipolala. Akiwa ndani ya droo rasmi, yuko chini ya ulinzi wa idara, na mtu akimgusa atanijibu mimi.

("Hata kama kabati lenyewe si lake?")

Kabati rasmi ni la wananchi wote. Hilo nalisema bila woga. Si la mtu, si langu, si la Bi Mwanahija. Ni mali ya umma, droo kwa droo, waridi kwa waridi.

("Mzee Pazi, umesikia?")

(Mzee Pazi: "Nimesikia. Mapinga nzima imesikia.")

Nimefurahi kuona mwamko huu wa kutaka kuelewa sheria. Ndiyo matunda ya elimu ya watu wazima. Basi, ndugu zangu, kabla sijamaliza naomba tusimame wote tupige kauli mbiu ya mradi. Nikisema "Nyoka," nyinyi mseme "ndani ya droo." Nyoka. (Wachache: "Ndani ya droo.") Sijasikia wenye magogo. Nyoka. (Wengi, kwa nguvu isiyotarajiwa, kina mama wakiongoza: "Ndani ya droo.") Naam. Nikisema "Tenga," mseme "la jana." Tenga. ("La jana.") Nikisema "Mikidadi." (Sauti moja: "Bwana harusi.") Haikuwa hivyo katika programu, lakini naipokea.

Sasa shukrani. Namshukuru dereva wa lori la mbao kwa kutosimama. Namshukuru fundi Bwanausi kwa kuuliza swali moja tu. Namshukuru karani wa mifugo, ambaye mpaka leo anaamini alikuwa kwenye kamati ya ng'ombe. Nawashukuru nyinyi wananchi wa Mapinga kwa uvumilivu wenu mkubwa katika mradi huu, mradi ambao, nikisema kama mtu na jamaa zake, haukupata kuanza, kwa kuwa makabati yenu hayakuagizwa, wala mbao zake hazikukatwa, wala pa kuyaweka hapakutafutwa, wala sikuona haja, kwa jinsi lile la kwanza lilivyotimiza mahitaji yote niliyokuwa nayo. Na zaidi ya wote namshukuru mke wangu Biubwa, mlezi wa mradi, ambaye kila asubuhi anavuta droo moja polepole, anachagua kanga, anajitazama katika kioo kile, anageuka na kuniuliza, "Hii inanipendeza, Afisa wangu?" nami nakaa tu ukingoni mwa kitanda, nimeshika kiatu kimoja, gari linapiga honi nje, taifa linanisubiri, na mimi siwezi kuinuka. Mkiwahi kupendwa namna hiyo mtanisamehe.

(Bi Mwanahija anakohoa kidogo. "Mwanangu, Mungu awazidishie. Lakini sisi kina mama wa Mapinga tuna aibu moja.")

Aibu gani tena, mama?

("Umeoa, na sisi hatujaja kumwona bi harusi. Hatujaonyeshwa chumba, hatujamtunza kwa zawadi. Watu watasema Mapinga hakuna waungwana.")

(Kina mama: "Kweli hiyo.")

Mama. Bi Mwanahija. Sijui niseme nini. Nilikuja hapa nikidhani umenichukia, na kumbe umebeba moyo wa dhahabu. Njooni. Njooni nyote. Biubwa atafurahi mno, maana tangu fungate iishe anasema chumba chake kinastahili kutazamwa na macho mengi.

("Tuje mikono mitupu?")

La, mila ni mila, siwezi kuivunja mimi niliye kiongozi. Njooni na kitu. Si lazima kiwe kikubwa. Kile tu ambacho kila mmoja wenu anakithamini nyumbani kwake, akichukue akilete kwa mikono yake.

("Tutaleta tunachokithamini." Jirani yake wa kanga ya kijani amejifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Mzee Pazi anawaambia mgambo, taratibu, kwamba siku hiyo watasaidia kubeba matenga.)

Na chumba mtaonyeshwa, hilo nawaahidi. Nitamwambia Biubwa azitoe kanga zote, azipange kitandani, ili mzione droo zilivyo pana, mzivute wenyewe, mtie mikono ndani, mhisi mbao zilivyo laini. Atatia makaa katika kile kijumba cha chini mapema, mkute joto limeshapanda. Mimi mwenyewe nitakuwa mlangoni kuwapokea kila mmoja na alichobeba.

(Vigelegele, virefu kuliko vyote vya siku hiyo. Afisa Mikidadi anaweka mkono kifuani na kuinama. Bi Mwanahija ameuinua mtungi wake, kawa juu, ameuegemeza kiunoni.)

Asanteni. Asanteni sana. Ni lini basi, mama, ili niwaandalie chai?

("Usijisumbue na chai, mwanangu. Wewe tuachie tu mlango wazi. Kabla ya mwezi huu kwisha, tuko kwako.")